Mzigo na Furushi: Kusoma Vitabu Viwili vya Kwihara

Katika mahubiri yetu hapa Tabora, Daktari Livingstone amepewa kazi moja tu: kuwa mfano wa mtu aliyeridhika na kidogo. Mhubiri akifika pale Bwana anapowatuma wale sabini bila akiba ya safari (Luka 10), hahangaiki kutafuta mfano. Kwihara iko kilomita chache kutoka mjini, na tembe alimokaa mzee yule imejengwa upya na kufanywa makumbusho. Basi tunaambiwa tumtazame Mzungu aliyeacha kwao akaja huku na Biblia na fimbo, akafa akiwa amepiga magoti. Tunatoka ibadani tumeguswa, na Jumatatu tunaendelea tulipoishia Jumamosi.

Sina ugomvi na heshima anayopewa. Nina ugomvi na mfano wenyewe, kwa sababu vitabu vilivyotokana na nyumba ile ya Kwihara havisemi hivyo. Cha kwanza ni How I Found Livingstone, alichokitoa Henry Morton Stanley mwaka 1872. Cha pili ni The Last Journals of David Livingstone, yaani shajara zake za mwisho, zilizohaririwa na rafiki yake Horace Waller na kutolewa mwaka 1874. Waandishi wote wawili walilala chini ya paa lile: Stanley peke yake mwaka 1871, kisha wote wawili mwanzoni mwa 1872. Washarika wanaosoma Kiingereza wanaweza kuvipata bila malipo kwenye intaneti, na ningewashauri wavisome kwa pamoja. Kila kimoja peke yake ni kitabu cha mtu mashuhuri. Vikikaa pamoja vinatufundisha juu ya maisha ya kiasi jambo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyekusudia kulifundisha.

Kitabu cha Stanley ni kitabu cha mizigo. Kabla msafara haujaondoka pwani, msomaji ameshapitishwa madukani Unguja. Stanley hajui atumie nini njiani, maana huku bara sarafu hazikuwa na kazi, kwa hiyo anawauliza wenyeji wa biashara: watu 100 wanahitaji nini kwa siku? Anajibiwa kwamba doti 10 za nguo zitawalisha, kila doti ikiwa yadi 4. Anapiga hesabu ya miaka miwili. Anajifunza kwamba merikani inapokelewa mahali pengi lakini kaniki nayo haikosi kazi, na kwamba shanga zinazogombewa katika nchi moja zinaweza kukataliwa kabisa katika nchi ya jirani. Anaifananisha mali yake na fedha za kwao: shanga ni sarafu ya shaba, nguo ni fedha, waya ni dhahabu. Juu ya hayo anaongeza mashua mbili, mahema, bunduki, baruti, dawa, vyombo vya kupikia, na shampeni ambayo hatimaye aliifungua Ujiji akanywa na Livingstone. Vitu vyote vinapokusanywa mbele yake anashtuka mwenyewe. Anakadiria kwamba havipungui tani 6.

Hapo ndipo penye thamani ya kitabu hiki, ingawa mwandishi wake si mtu wa kupendeka. Anajisifu mno, na anaeleza bila haya jinsi alivyowachapa viboko watu waliokuwa wagonjwa. Lakini hamfichi msomaji uzito. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, karibu kilo 32. Gawanya tani 6 kwa kilo 32, utapata vichwa vya watu karibu 190. Katika njia ile hapakuwa na gari, na mbung'o waliwamaliza punda na farasi. Kila kitu alichokuwa nacho mtu mkubwa kilikuwa juu ya kichwa au bega la mtu mwingine, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, mwendo wa miezi mitatu. Stanley mwenyewe aliondoka Bagamoyo mwishoni mwa Machi 1871 akaingia kwetu tarehe 23 Juni.

Kisha akakutana na Mirambo. Mwezi Agosti Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga, Stanley akiwa pamoja nao, wakashindwa vibaya, na Mirambo akaja kuuchoma mji. Njia ya kawaida ya Ujiji ikafungwa. Stanley akalazimika kuacha sehemu kubwa ya mali yake Kwihara na kuzunguka kusini na kikundi kidogo. Aliondoka tarehe 20 Septemba, na kwa hesabu yake mwenyewe alimfikia Livingstone tarehe 10 Novemba. Kazi iliyompeleka safari nzima aliimaliza kwa siku zisizofika 60, akiwa na mali chache kuliko wakati wowote tangu atoke pwani. Mirambo hatumtaji mara nyingi katika masomo yetu ya kiroho, lakini yeye ndiye aliyempunguzia Stanley mizigo. Stanley hasemi neno juu ya hilo. Anaeleza vita, anaeleza homa, anasonga mbele.

Shajara za Livingstone zina sauti nyingine kabisa. Huyu ni mtu anayeandika kwa ajili yake mwenyewe na Mungu wake, na mara nyingine kwa ajili ya mvua na mito. Mwezi Oktoba 1871 aliingia Ujiji akiwa hoi, akitegemea bidhaa alizotumiwa kutoka Unguja, akakuta Sherif aliyekabidhiwa amekwisha kuziuza zote. Katika shajara anajilinganisha na yule mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi, tena anaona kwake hakuna hata kuhani wa kupita, sembuse Msamaria.

Ukurasa huo mahubiri yetu huuruka. Livingstone wa Ujiji hakuridhika na kidogo. Alihuzunika, na alikuwa na haki ya kuhuzunika. Bidhaa zile zilikuwa chakula chake na mishahara ya watu wake. Kukosa vitu kwa sababu umeibiwa si kiasi, na mhubiri anayeufanya umaskini wa namna hiyo kuwa fadhila anamtetea mwizi bila kujua. Katika sharika zetu wamo wakulima wa tumbaku ambao fedha ya msimu mzima huishia kulipa mbolea na dawa walizokopeshwa. Wamo akina mama waliochukua ile mikopo tunayoiita kausha damu wakanyang'anywa hata godoro. Kuwasimamia hao madhabahuni na kuwaambia waishi maisha rahisi ni kuwasomea kitabu kwa ukurasa usiowahusu. Kama lipo neno la kupunguza, lianze kwa mwenye cha kupunguza.

Stanley na Livingstone walirudi pamoja Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi, akaahidi kumtumia mzee wapagazi. Siku tano baadaye Livingstone alitimiza miaka 59, na siku hiyo aliandika ile sala yake ya kujitoa upya kwa Kristo, ambayo Wakristo wengi wanaifahamu. Ni sala fupi na nzuri, nami siwezi kuisoma bila kukumbuka kwamba iliandikwa hapa kwetu. Lakini endelea kufungua kurasa. Aprili, Mei, Juni, Julai: anangoja. Anasoma, anashona hema, anatengeneza jibini ya safari, anahesabu watu wa Stanley watakuwa wamefika wapi. Ghalani mna nguo na shanga alizoachiwa. Hatoki.

Kwa nini hatoki? Alikuwa na mali, hakuwa na vichwa vya kuibeba. Mwenye Biblia na fimbo tungetarajia aamke asubuhi ashike njia ya Ufipa. Livingstone halisi alikaa miezi mitano, mpaka tarehe 14 Agosti walipoingia watu zaidi ya 50 kutoka pwani, na tarehe 25 akaondoka nao. Mtu anayesifiwa kwa kutohitaji kitu alihitaji watu zaidi ya 50 ili asogee. Sisemi hivi ili kumwaibisha. Alisafiri na vichache kuliko Stanley, na vichache kuliko wafanyabiashara wote wa Tabora, tena kwa miaka mingi zaidi. Nasema kwamba hata kidogo chake kilikuwa kwenye shingo ya mtu, na sisi tunaposimulia habari zake tunaifuta shingo hiyo kwenye picha.

Yeye mwenyewe hakuwa kipofu kwa mateso ya watu. Ilikuwa katika miezi ile ya kungoja, tarehe 1 Mei 1872, alipoandika kwa gazeti la New York Herald juu ya biashara ya watumwa, na maneno ya mwisho ya barua hiyo ndiyo yaliyochongwa juu ya kaburi lake katika Westminster Abbey. Barua iliandikwa mahali panapostahili. Sijui kama mwandishi au wasomaji wake walikumbuka kwamba merikani iliyojaa katika maghala ya Kwihara ilipata jina na sifa yake kutokana na nguo za viwanda vya Massachusetts, zilizofumwa kwa pamba ambayo mpaka mwaka 1865 ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Nguo hiyo ilivuka bahari ikanunua pembe za ndovu, na pembe mara nyingi zilishuka pwani juu ya mabega ya watumwa wengine. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi kitu chepesi mkononi kinavyoweza kuwa kizito kwingine.

Mtume Paulo, katika Wagalatia 6, anasema mambo mawili ambayo msomaji wa haraka anaweza kudhani yanapingana. Mstari wa 2 unatutaka tubebeane mizigo. Mstari wa 5 unasema kila mtu atabeba wake. Waliotafsiri Biblia yetu ya Kiswahili cha Muungano waliona kwamba Kigiriki kinatumia maneno mawili tofauti, wakatafuta mawili ya kwetu: kule juu waliweka mizigo, huku chini wakaweka furushi. Watu wa njia ya misafara wangeelewa mara moja. Mzigo ni wa tajiri, umefungwa na kupimwa. Furushi ni la mpagazi mwenyewe: mkeka wake, chungu, kibuyu cha maji, chakula cha siku chache. Mpagazi alibeba vyote viwili, na furushi lilikaa juu ya zile kilo 32.

Sasa mtazame mtu huyo anapojiandaa. Kila kitu anachotaka kuongeza atakilipia kwa shingo yake. Hana wa kumtwisha. Akichukua chungu kikubwa, atakijua Ugogo saa sita mchana, wakati maji yako mbali. Nafikiri hapa ndipo alipo mwalimu wa maisha ya kiasi katika njia yetu, na si ndani ya tembe. Wala tusimfanye mtakatifu. Hakuchukia mali. Mnyamwezi alikwenda pwani ili arudi na nguo, na nguo zigeuke majembe, ng'ombe na mahari. Kijana ambaye hajawahi kuiona bahari alichekwa kwao. Alitaka vitu kama wewe na mimi. Tofauti ni kwamba alijua kila kimoja kina uzito gani, kwa sababu aliyekitaka na aliyekibeba walikuwa mtu mmoja.

Upungufu mkubwa wa vitabu hivi viwili ni kwamba vinajua sana habari za mzigo na kwa shida vinajua habari za furushi. Stanley atakuhesabia shanga kwa rangi. Kilichofungwa ndani ya mkeka wa mpagazi hakimshughulishi. Livingstone anawahurumia watu wake zaidi, tena anawataja wengi kwa majina, lakini naye anapoorodhesha anaorodhesha vyake.

Kuna atakayenijibu kwamba mizigo ya Stanley ilikuwa mishahara. Bila tani zile 6, watu karibu 190 wangekosa kazi mwaka ule. Hoja hiyo ina nguvu na siitupi. Mpagazi hakutaka tajiri abaki Unguja akiishi kwa kiasi. Lakini angalia alichokitaka. Alitaka kazi, na alitaka mzigo usiozidi. Wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana kwa hilo: waliupima mzigo asubuhi, waligomba, waliukataa ule uliozidishwa, na tajiri aliyelazimisha aliamka siku nyingine akakuta watu wametoroka usiku. Ndiyo maana kipimo cha frasila mbili kilidumu. Hakikuwekwa na huruma ya wenye mali. Kiliwekwa na shingo za wabebaji, na wenye mali walikifuata.

Kwa maoni yangu hili ndilo linalokosekana katika mafundisho yetu ya kiasi. Tunamwuliza mwenye vitu: je, moyo wako umeridhika? Naye anachunguza moyo wake, anaukuta umeridhika vya kutosha, anaendelea. Hatumwulizi anayebeba. Bwana katika Mathayo 23 hakuwalaumu waandishi na Mafarisayo kwa sababu ya kuwa na vitu vingi. Aliwalaumu kwa kufunga mizigo mizito, kuiweka juu ya mabega ya watu, na wao wasiiguse hata kwa kidole.

Tuanze nyumbani. Nyumba inaweza kuwa ya kawaida kabisa, haina fahari, wenyewe wanasali asubuhi na jioni, na ndani yake kuna dada wa kazi anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho ili maisha yao yawe matulivu. Utulivu huo una shingo chini yake. Swali la kiasi katika nyumba hiyo halihusu idadi ya sofa. Linahusu saa ambayo binti yule anapanda kitandani, na kama kuna Jumapili anayokaa ibadani mpaka mwisho.

Tuje kanisani. Kila mwenye kwaya anajua habari za sare. Ikifika sikukuu au uzinduzi, kitenge kipya. Tamasha la jimbo, kingine. Hakuna anayekusudia ubaya, na kwaya iliyovaa vizuri inapendeza hata mbele za Mungu, sioni sababu ya kubisha. Lakini uamuzi hufanywa na wenye uwezo, kwa sauti ya furaha, na mama mjane wa sauti ya pili anaitikia ‘amina’ pamoja na wengine, kisha anakwenda kukopa. Kamati za harusi nazo ni hivyo hivyo. Bajeti hupangwa na watu kumi, halafu hugawanywa kwa kadi za michango kwa watu mia mbili, na jirani ambaye watoto wake wamerudishwa shule anaona aibu kurudisha kadi tupu. Tumekwisha kuwa na tani zetu 6 na tunatafuta vichwa. Ningependa kuona kwaya moja ambayo bei ya sare inatajwa kwanza na yule ambaye itamwia vigumu kuliko wote, na wengine wakaifuata kama matajiri walivyofuata frasila mbili. Huenda zingeshonwa sare chache. Kuimba kusingepungua.

Nimalizie na sehemu ya vitabu hivi niipendayo kuliko zote, ambayo haikuandikwa na Stanley wala Livingstone. Ni sura ya mwisho ya shajara, inayoanza pale Livingstone anapokufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Waller aliiandika kutokana na masimulizi ya Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa na mzee kwa miaka mingi. Jambo la kwanza walilolifanya wanaume wale lilikuwa kuyafungua masanduku mbele ya wote ili pasiwe na lawama baadaye, na Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya misheni India, akaandika kila kilichoonekana. Orodha ni fupi. Fedha kama shilingi moja na nusu ya Kiingereza, kofia, saa, dira, vyombo vya kupimia. Ukitoka kwenye orodha za Stanley ukafika kwenye orodha hii utasimama kidogo.

Kisha wakaamua kumrudisha pwani. Hakuna aliyewaamuru wala aliyewaahidi malipo. Kwa mwili huo waliokausha kwa chumvi na jua na kuufunga ndani ya gome la mti, walitembea miezi wakafika kwetu Oktoba 1873. Hapo walimkuta Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone, naye akawashauri wamzike papa hapa Unyanyembe. Wakakataa. Mbele kidogo, Kasekera, watu hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wale wanaume wakafunga mabua kwa umbo la maiti, wakayarudisha nyuma kwa heshima zote kama waendao kuzika, kisha wakayatupa porini. Na mwili wenyewe wakaufunga upya kwa umbo la robota la nguo, la kawaida kabisa, kama yale maelfu yaliyopita njia hiyo. Hivyo ndivyo Livingstone alivyopita nchi ya Unyamwezi mara ya mwisho, akiwa mzigo miongoni mwa mizigo. Katika kurasa zote nilizosoma za vitabu hivi viwili, ni mzigo huo peke yake ninaoweza kusema kwamba waliobeba waliuchagua wenyewe.

Walifika Bagamoyo Februari 1874. Wengi walilipwa mishahara yao wakatawanyika. Wainwright alisafiri na jeneza na kuwapo kwenye mazishi London tarehe 18 Aprili. Chuma na Susi waliitwa Uingereza baadaye mwaka huohuo, mazishi yakiwa yamekwisha, wakakaa na Waller wakamsimulia. Vikundi vyetu vya kusoma vikitaka kukishika kitabu hiki, vianzie sura hiyo, halafu ndipo virudi Kwihara.